Little Miss Sunshine: Watu Sita, Kombi Moja, Klachi Iliyokufa

Anayetaka kuandika vichekesho akiuliza aanze kwa kutazama nini, tunamtajia Little Miss Sunshine ya mwaka 2006. Tuzo inazo, lakini si hizo zinazotufanya tuitaje. Tunaitaja kwa sababu kila kicheko ndani yake kina chanzo unachoweza kukionyesha kwa kidole. Klachi, yaani kifaa kinachoachanisha injini na gia, imekufa, basi gari linasukumwa. Gari linasukumwa, basi wanaolisukuma lazima wakimbie na kulidandia likiwa linakwenda. Na hao wanaokimbia ni watu wa nyumba moja ambao hawajawahi kukubaliana jambo lolote, hata chakula cha jioni. Makanga yeyote wa Nairobi ataielewa filamu hii kabla hajajua majina ya wahusika.

Kisa chenyewe ni chepesi. Olive Hoover, msichana wa miaka saba mwenye miwani mikubwa na kitumbo cha kitoto, anaishi na familia yake Albuquerque, jimbo la New Mexico. Anapata nafasi ya kushindana katika mashindano ya urembo ya watoto huko Redondo Beach, California, baada ya mshindi wa eneo lao kuondolewa. Safari ni ya zaidi ya kilomita 1,200, karibu sawa na kutoka Nairobi hadi Kampala na kurudi, na mwisho wa juma ndio huo umefika. Familia nzima inaingia kwenye Kombi kuukuu ya Volkswagen, ya manjano na nyeupe, na kuondoka.

Watu sita ndani ya gari moja ni rahisi kuwaza. Kigumu ni kumfanya mtazamaji aamini kwamba hakuna hata mmoja ambaye angeweza kubaki nyumbani, na hapo ndipo mwandishi wa skripti, Michael Arndt, anapofanya kazi ambayo waandishi wengi wa kwetu huiruka. Tazama anavyowafunga mmoja baada ya mwingine. Pesa za nauli ya ndege hakuna. Sheryl, mama, hajui kuendesha gari la gia, kwa hiyo Richard, mumewe, lazima ashike usukani. Babu, ambaye ni baba yake Richard, ndiye aliyemfunza Olive densi atakayoicheza jukwaani, kwa hiyo haachwi. Frank, kaka yake Sheryl, ametoka hospitalini baada ya kujaribu kujiua, na agizo ni kwamba asikae peke yake. Dwayne, mtoto wa Sheryl kutoka ndoa ya awali, hataki kwenda kabisa, na anakubali tu baada ya mama yake kumwahidi ruhusa ya kujiunga na shule ya urubani. Hadi injini inapowashwa, kila mmoja ana sababu yake ya kuwa ndani, na sababu ya Sheryl kutojua gia inarudi baadaye: anapojaribu kujifunza njiani, gia zinasaga na ndipo klachi inapokata roho. Jambo lililowekwa ili kumwingiza baba garini linageuka kuwa ndilo linaloliharibu gari lenyewe. Skripti iliyosukwa hivyo haihitaji bahati.

Kabla ya safari kuna meza ya chakula, na tungependa kila mwanafunzi wa uandishi aitazame sehemu hii angalau mara mbili, ya pili akiwa na kalamu. Juu ya meza kuna ndoo ya kuku wa kukaanga wa kununua, saladi na soda ya Sprite. Babu analalamika kwamba ni kuku tena, kila siku kuku. Olive anaona bendeji kwenye vifundo vya mikono ya mjomba wake na kuuliza amepatwa na nini. Richard anataka mazungumzo yakatwe, Sheryl anataka mtoto aambiwe ukweli, na Frank, ambaye ni msomi wa vitabu vya mwandishi Mfaransa Marcel Proust, anaamua kujibu: alimpenda mwanafunzi wake wa kiume, mwanafunzi huyo akampenda msomi mwingine wa Proust, na msomi huyo ndiye mshindani wake mkubwa. Anaeleza kwa utaratibu, kama mtu anayejibu swali darasani. Mtoto anasikiliza akitafuna. Hakuna anayefanya kichekesho. Kila mmoja anajaribu kumaliza chakula chake kwa heshima, na mahitaji yao yanagongana. Mwisho wa meza hiyo tumeshamjua kila mtu, tumeshajua nani anamwogopa nani, na hakuna aliyesimama kutueleza historia yake.

Wote sita wameshindwa katika jambo wanalolipenda kuliko yote, au wako njiani kushindwa. Richard anafundisha mpango wake wa hatua tisa za ushindi, na darasa tunalomwona nalo mwanzoni lina watu wachache wanaopiga makofi ya adabu. Mkazi wa Nairobi anamjua Richard: ndiye yule anayeshika kipaza sauti kwenye ukumbi wa hoteli Jumamosi asubuhi na kuahidi kwamba anayeshindwa amechagua mwenyewe kushindwa. Dwayne amenyamaza kwa miezi tisa kwa nadhiri, hadi atakapokuwa rubani wa jeshi la anga, na anaongea kwa kuandika kwenye kijitabu. Babu amefukuzwa kwenye makao ya wazee kwa kuvuta heroini. Wahusika kama hawa, filamu mbovu ingewaweka mbele yetu tuwanyooshee vidole. Hapa kamera haikati kwenda kwa mtu mwingine anayecheka. Kila anayefanya kioja tunapewa kwanza anachokitaka, kisha tunaona anavyokifuata kwa njia mbaya. Ndiyo maana tunawapenda, hata Richard, ambaye kwa nusu saa ya kwanza ni mgumu sana kupendwa.

Mfano mzuri ni mgahawani, asubuhi ya kwanza ya safari. Olive ameagiza mkate wa wafo wenye aiskrimu. Richard anamwambia, kwa sauti ya upole ya mtu anayejiona anasaidia, kwamba aiskrimu ina mafuta, mafuta yanakunenepesha, na warembo wa mashindano si wanene. Aiskrimu inapofika mtoto haigusi. Basi babu, mjomba na ndugu yake wanaanza kuisifia na kuomba waonje wao, mpaka Olive anashindwa kuvumilia na kuivuta bakuli yake. Hakuna aliyemhubiria Richard. Watu watatu wasiopatana wameungana kwa mara ya kwanza, na silaha yao ni vijiko.

Sasa tuje kwenye gari, kwa sababu ndilo mhusika wa saba na ndilo linalobeba vichekesho vyote vya mwili. Ni Volkswagen ya kizazi ambacho Wakenya wa miaka ya 1970 walikiona kila siku kikibeba watalii kwenda mbugani. Injini iko nyuma, inapozwa kwa hewa, na kanyagio la klachi liko mbele kabisa, kwa hiyo kebo ndefu hupita chini ya sakafu hadi kwenye gia. Kebo hiyo ikikatika, au uma unaosukuma beringi ya klachi ukivunjika, klachi haiachii tena: injini na gia hubaki zimeshikana muda wote. Kosa la aina hiyo ndilo pekee linalolingana na tunachokiona. Kama ingekuwa pleti iliyolika, klachi ingeteleza, injini ingenguruma bila gari kwenda, na kusukuma kusingesaidia kitu. Fundi anayewahudumia anasema spea itabidi iagizwe na itachukua siku kadhaa. Kwa kebo peke yake huo ungekuwa uongo, maana hubadilishwa kwa muda mfupi. Kwa uma au beringi ni kweli, kwa kuwa lazima injini ishushwe.

Fundi huyo anawapa njia ya kuendelea bila klachi, na ni njia halisi. Kutoka gia ya tatu kwenda ya nne klachi si lazima: unaachia mafuta kidogo, kasi ya injini na ya magurudumu zinalingana, gia inaingia yenyewe bila kusaga. Shida ni kuanza mwendo. Kwa hiyo waegeshe kwenye mteremko, gari lishike kasi ya kilomita 24 hadi 32 kwa saa, kisha dereva atie gia ya tatu moja kwa moja. Mpangilio wa kulifanya hivyo ni huu: injini iwashwe gia ikiwa haijaingia popote, wote wasukume, dereva apandishe mlio wa injini kidogo, na kasi ikitosha aisukume gia mahali pake kwa mkono mmoja thabiti. Akiiwahi kabla ya kasi kutosha, injini inazima kwa mshtuko na walioko nyuma wanagonga bodi kwa kifua. Akichelewa, wasukumaji wamechoka na gari linaanza kupungua mwendo.

Hapo filamu inadanganya kidogo, na inafaa kusemwa. Kombi tupu ina uzito wa tani moja na ushee. Kwenye uwanja tambarare, watu wanne au watano wakiwemo mzee na mtoto hawawezi kuifikisha kilomita 24 kwa saa. Mtu mzima wa kawaida hufikia kasi hiyo kwa taabu hata akikimbia bila mzigo. Fundi wa Grogan, mtaa wa mafundi wa magari Nairobi, angewaambia watie gia ya pili, ambayo inahitaji kama kilomita 15 kwa saa, kisha waende ya tatu kwa njia ileile ya kuachia mafuta. Lakini kwa filamu gia ya tatu ni uamuzi sahihi, kwa sababu inadai mbio ndefu zaidi, na mbio ndefu ndiyo picha tunayoihitaji: mlango wa pembeni uko wazi, mikono imenyooshwa kutoka ndani, mmoja anaingia, wa pili anaingia, wa mwisho bado yuko barabarani.

Zingatia pia jinsi maumbile ya kosa hilo yanavyoiendesha hadithi. Gari lisilo na klachi haliwezi kusimama kwenye foleni na kuondoka tena lenyewe. Kila kusimama ni lazima gia itolewe kabla injini haijazima, na kila kuondoka ni kusukuma upya. Kwa hiyo kusimama kunakuwa na gharama. Hata kumsahau mtoto kwenye kituo cha petroli, jambo ambalo kwa familia nyingine lingekuwa suala la kugeuza gari na kurudi, kunakuwa operesheni ya kumdaka akikimbia huku Kombi ikipita. Na wanapofika mwisho wa safari, hoteli wanaiona kutoka barabarani lakini njia ya kuifikia hawaipati. Aliyewahi kuipita njia ya kutokea kwenye Thika Road huku jengo analoliendea liko palepale kulia kwake, atapanda presha pamoja nao.

Honi nayo inaanza kulia yenyewe katikati ya safari na kukataa kunyamaza. Wengi hudhani ni kichekesho cha kubuni. Kwenye magari haya honi hupata umeme kupitia fyuzi, na kitufe cha usukani hukamilisha tu njia ya kuelekea kwenye bodi. Waya ya kitufe ikichubuka na kugusa chuma cha usukani, honi hulia bila kuguswa, tena hubadilika sauti kadiri usukani unavyozungushwa. Dawa ni kuchomoa waya au fyuzi. Wao hawajui, na honi hiyo ndiyo inayowavutia polisi wa barabarani wakati ambao hawataki kabisa polisi aangalie nyuma ya gari. Tena ni sababu ikizaa tokeo, bila mkono wa mwandishi kuonekana.

Walioongoza ni mume na mke, Jonathan Dayton na Valerie Faris, ambao kabla ya hapo walikuwa wakitengeneza video za muziki na matangazo. Ilikuwa filamu yao ndefu ya kwanza, na kwa Arndt ilikuwa skripti yake ya kwanza kufika kwenye skrini. Mradi ulikaa miaka kadhaa bila kuanza. Arndt mwenyewe aliwahi kuondolewa na kurudishwa. Bajeti ilikuwa dola milioni 8 na picha zilipigwa kwa siku 30 mwaka 2005, Arizona na kusini mwa California. Januari 2006 ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Sundance, kampuni ya filamu ya Fox Searchlight ikainunua kwa dola milioni 10.5, na ilipomaliza kuzunguka majumba ya sinema ilikuwa imeingiza takriban dola milioni 100. Mwaka 2007 ilichukua Oscar mbili, ya skripti asilia kwa Arndt na ya mwigizaji msaidizi kwa Alan Arkin, anayemcheza babu.

Milioni nane za dola si bajeti ndogo kwa mtengenezaji wa filamu za bei nafuu wa River Road, Nairobi, na hatutajifanya ni ndogo. Kinachofaa kuigwa ni mahali pesa hizo hazikwenda. Waigizaji wakuu ni sita. Mahali ni nyumba moja, mgahawa, kituo cha petroli, moteli, hospitali na ukumbi wa hoteli. Sehemu kubwa ya hadithi iko ndani ya gari. Wengi hapa nyumbani husoma hilo na kudhani kwamba filamu ya ndani ya gari ni rahisi kupiga, kisha wanakwama siku ya kwanza. Timu ya filamu hii ilitumia Kombi tano za kufanana. Tatu zilikuwa na injini, na mbili zisizo na injini zilipandishwa juu ya trela, ili mwigizaji aigize bila kuendesha na sauti isimezwe na injini.

Anayepanga kitu kama hicho na matatu moja ya kukodi ajue kitakachomharibikia. Cha kwanza ni sauti: madirisha yakiwa wazi upepo unafuta maneno, yakiwa yamefungwa waigizaji wanatokwa jasho na vioo vinaingia ukungu. Maikrofoni ndogo za kifuani, moja kwa kila anayeongea, ni lazima, na mazungumzo marefu yapigwe gari likiwa limesimama au linavutwa. Cha pili ni jua. Nairobi iko karibu na ikweta, hivyo saa sita mchana jua liko utosini, paa la gari linatia kivuli kwenye nyuso na nje kunawaka mno. Saa moja hadi saa tatu asubuhi, kisha saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, mwanga huingia madirishani kwa ubavu na uso unaonekana. Hiyo ni saa nne tu za kazi kwa siku, na ratiba ipangwe kwa saa hizo nne. Cha tatu ni mfuatano: jasho, vumbi na vitu vya sakafuni vinaongezeka kadiri safari inavyokwenda. Dayton na Faris walipiga sehemu za garini kwa mpangilio wa hadithi, na uchovu unaouona usoni mwa waigizaji unapanda hatua kwa hatua.

Kuhusu uigizaji, Steve Carell anastahili kutajwa kabla ya wengine. Frank wake ana huzuni isiyo na madoido: anatembea akiwa amebana mikono, anajibu polepole, na anapolazimika kukimbia anakimbia kama mtu aliyesahau namna. Abigail Breslin, anayemcheza Olive, alikuwa na miaka tisa walipopiga picha na alivalishwa nguo ya kujaza mwili. Anasikiliza vizuri kuliko watoto wengi wa filamu wanavyoongea. Greg Kinnear, yaani Richard, ana kazi ngumu kuliko wote, ya kumfanya mtu mwenye kukera aonekane ana hofu. Paul Dano, yaani Dwayne, bila neno kwa zaidi ya nusu ya filamu, anatumia macho na kalamu. Muziki wa Mychael Danna na bendi ya DeVotchKa unakwenda kwa mwendo wa gari lenyewe, na kila mara wanaposukuma unarudi na kuwainua.

Asiyetaka kujua yanayotokea njiani airuke aya hii. Ndani ya gari, Olive anacheza na kikaratasi cha kupimia macho alichokiokota hospitalini, na kwa mchezo anampima kaka yake. Dwayne haoni herufi ya kijani ndani ya duara. Frank ndiye anayemweleza kwamba asiyetofautisha rangi hawezi kurusha ndege za jeshi. Gari linasimamishwa, Dwayne anatimka kuteremka bondeni, na miezi tisa ya kimya inavunjika kwa ukelele mmoja na matusi kwa familia yote. Kamera inakaa mbali. Juu ya kingo tunaiona Kombi na watu wamesimama wasijue la kufanya. Chini, kijana amekaa peke yake. Sheryl anashuka kumbembeleza, anashindwa. Kisha Olive anateremka polepole na viatu vyake, anachuchumaa, anamwekea kichwa begani, hasemi kitu. Dwayne anasema wapande waende. Mwandishi mwingine angempa mtoto hotuba. Arndt alijua kwamba kijana huyu amekuwa akizungukwa na maneno ya Richard mwaka mzima na kwamba hahitaji mengine.

Kasoro zipo. Frank kukutana na yule mwanafunzi na mshindani wake kwenye kituo cha petroli katikati ya jangwa ni sadfa nzito, na ndiyo sehemu pekee ambapo tunauhisi mkono wa mwandishi. Sheryl ameandikwa kidogo kuliko wenzake; Toni Collette anamjaza kwa uso na mwili, lakini ukiuliza yeye anataka nini kwa ajili yake mwenyewe, skripti haikujibu. Waandaaji wa mashindano nao wamechorwa kwa rangi moja, wabaya kwa sababu hadithi inawahitaji wabaya. Hata hivyo wasichana wanaoshindana na Olive si kejeli iliyobuniwa: walikuwa washiriki halisi wa mashindano ya aina hiyo, na walipanda jukwaani na mavazi, nywele na maonyesho yao ya kawaida. Ndiyo maana sehemu hiyo inatisha kuliko inavyochekesha mpaka zamu ya Olive inapofika. Densi yake hatuisimulii.

Kwa wanaopanga kuitazama pamoja: ina urefu wa dakika 101 hivi na haifai watoto, hata kama bango lake la manjano linawavuta. Nchini Marekani ilipewa daraja la R kwa sababu ya matusi, maneno ya ngono na dawa za kulevya. Babu anatukana tangu meza ya kwanza. Tungeweka mpaka wa miaka 16. Aliyefiwa na mtu kwa kujiua aambiwe mapema kwamba hadithi inaanzia hospitalini kwa Frank. Filamu inalizungumzia jambo hilo bila kulaumu na bila kulipamba, na kwa Mkenya lina uzito wake, maana hapa kujaribu kujiua kulihesabiwa kosa la jinai hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Mjomba aliyefungwa bendeji, anayepewa kitanda chumbani kwa kijana na kuulizwa na mtoto kinachomuuma, ni picha ambayo familia nyingi hazijaiona ikifanyika kwao.

Msiitazame kwenye simu. Dwayne huongea kwa maandishi ya mkono kwenye kijitabu, na kwenye skrini ndogo nusu ya majibu yake, ambayo ni baadhi ya mistari bora ya filamu, hayasomeki. Fremu ni pana, na vichekesho vingi viko kwa yule aliyekaa nyuma ya anayeongea. Runinga ya inchi 40 na zaidi inatosha watu wanane. Kwa projekta, giza liwe la kweli, kwa sababu ndani ya Kombi kuna vivuli vingi na sebule yenye pazia jepesi itavifuta. Washeni maandishi ya chini hata kama Kiingereza chenu ni kizuri: babu huongea haraka na mdomo umejaa. Mkitaka kuionyesha hadharani, kwenye ukumbi wa kanisa, shule au mkahawa, inahitajika idhini ya mwenye haki na filamu iwe imeainishwa na KFCB, bodi ya kuainisha filamu nchini Kenya. Kununua diski au kulipia huduma ya mtandaoni hakuwapi ruhusa hiyo.

Mapumziko haihitaji. Kama stima au wageni wakiwalazimisha, simamisheni usiku wa moteli unapoisha, kabla hapajapambazuka. Kuanzia asubuhi hiyo hadi jukwaani kila tukio limefungwa kwenye saa ya mashindano, na mkikata katikati mbio zote za mwisho zinapoa. Chai iandaliwe kabla.